Harusi Tuliyoipamba Kwenye Veranda ya Wodi

Nimeacha kupamba harusi mwaka huu. Sijachoka na harusi. Ni magoti yangu yaliyochoka na ngazi. Nyinyi vijana mnaoendelea na kazi hapa Suna mmeniomba mara nyingi niwaeleze tulivyokuwa tukipamba kabla ya taa za kuwakawaka na viti vya kuvishwa sketi, na kila mliponiuliza nilikuwa na pini mdomoni. Sasa mdomo uko wazi. Habari za nani alilipa na nani hakulipa sitaziandika, kwa kuwa na wengine wao bado tunapeana mkono wa amani kanisani kila Jumapili.

Mimi ni mtoto wa Karungu, kule ziwani. Nilikuja Suna kwa kuolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa najua kusuka nywele na kukaanga samaki, basi. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Jirani na karakana yake, kwenye veranda ya duka la nafaka, alikaa Mama Yunia na cherehani yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali. Kanisa lolote la hapa mjini, la Wakatoliki ama la Wasabato, likiwa na harusi ya watu wa mfuko mwembamba, yeye ndiye aliyeitwa kulipamba. Nilimwendea anifundishe kushona. Akanishika mikono, akaigeuzageuza kama anayechagua nyanya.

"Kushona watu wanajua wengi," akasema. "Wewe uko na vidole ya kusuka. Kesho kuja kanisani."

Nilidhani nitapewa maua nipange. Badala yake alinipeleka hadi benchi la mwisho kabisa, lile la watu wanaochelewa.

"Kaa hapo. Unaona nini?"

"Naona kanisa, mama."

"Kanisa hata mimi naona. Wewe ni mgeni, umekuja harusi, umekaa hapo. Macho yako inaenda wapi?"

Nikatazama vizuri. Macho yalikuwa yanakwenda kwenye bati moja lililooza juu ya madhabahu. Maji ya mvua yalikuwa yametiririka kutoka pale yakachora ramani ya kahawia ukutani. Nikamwonyesha.

"Haya. Basi kazi ni hapo," akasema Mama Yunia. "Kwingine kote ni urembo tu."

Siku hiyo tulifunika ule ukuta kwa neti nyeupe na makuti, tukaacha sehemu nyingine za kanisa karibu zilivyokuwa, na wageni wakatoka wakisema hawajawahi kuliona kanisa zuri namna ile. Tangu hapo sijawahi kufunga hata uzi mmoja kabla ya kukaa mahali mgeni atakapokaa. Ninawaona wengi wenu mkianza na rangi. Rangi ni ya pili. Kwanza ni macho.

Vifaa vyetu vilikuwa vya nyumbani. Waridi la kwanza nililofundishwa lilikuwa la tishu ya chooni: unakunja karatasi chache kama kipepeo cha kupepea moto, unafunga katikati kwa uzi, kisha unafungua petali moja moja kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa kidogo. Ukingo tuliupaka ile rangi ya mdomo inayobaki chini ya kopo lake, ambayo mwenyewe hawezi kuifikia tena. Maua ya maganda ya mahindi yalidumu zaidi. Unayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unayakata, unayafunga kwa waya mwembamba, unayaanika kivulini. Ukiyaweka juani yanajikunja kama masikio ya mbuzi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Mafunjo tulikata mtoni asubuhi ya harusi, tukayasimamisha kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyojazwa mchanga na kuvishwa kitenge cha kutoka mpakani. Neti za mbu tuliazima kwa ndugu na majirani, tukazifua na kuzitia buluu hadi zikang'aa, na Jumatatu tukazirudisha zikiwa safi kuliko zilivyokuja. Ndiyo sababu tuliazimwa tena.

Misumari Mama Yunia hakuitaka. "Kamba ukifungua unaenda nayo," alisema. "Msumari inaacha tundu, na tundu inaacha maneno."

Hakuitaka pia ile karatasi ya rangi yenye mikunjo, na hilo nililielewa siku moja ya mvua kubwa ya Aprili. Wenye harusi walikuwa wameinunua wenyewe, nyekundu, wakashikilia itumike juu ya hema la maturubai. Mvua iliponyesha, karatasi ilitoa rangi yake yote. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya tundu, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Alipoinuka kukata keki, mabega yake yalikuwa kama ya mtu aliyetoka buchani. Aliicheza ngoma hivyo hivyo mpaka mwisho, na nilimpenda sana kwa hilo, lakini karatasi ile sikuigusa tena.

Baada ya miaka michache Mama Yunia alirudi kwao Uyoma kulea wajukuu, akaniachia mkasi, kamba na jina lake zuri. Nikaendelea peke yangu. Nilipamba Suna, nilipamba Awendo, nilipamba nyumbani Karungu. Kisha ikaja harusi ya Boke, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza kwa urefu.

Boke alikuwa msichana wa Ntimaru, Mkuria, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea mjini Homa Bay. Mchumba wake, Odhiambo, alikuwa mwalimu pia, kijana wa kwetu Karungu. Baba yake Boke, Mzee Mwita, alikuwa ameikataa ndoa ile kwa muda mrefu. Alitaka binti yake aolewe karibu na nyumbani. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye atakayemkabidhi. Baba yake Odhiambo alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo upande wa bwana harusi uliongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Okello, mvuvi mstaafu, mrefu, mtu wa maneno machache. Harusi ilipangwa ifanyike Karungu, bomani kwa Okello. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimeshapelekwa kule: neti, vitenge, mikebe, tao la fito.

Wiki ile ya harusi Boke alikuja kunitafuta Suna. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama, harusi haitafanyika Karungu," akasema kabla hata ya kuketi.

Baba yake alikuwa amelazwa Homa Bay, kwenye hospitali moja kilimani, juu ya ziwa. Moyo ulikuwa umepanuka na miguu imevimba. Familia ilikuwa imemleta kule ili Boke awe karibu naye. Walitumaini atapata nafuu aende Karungu kwa gari, lakini daktari alikuwa amekataza asitikiswe kwa ile barabara. Na alikuwa amemwita Boke pembeni akamwambia, kwa upole, kwamba kama kuna jambo anataka baba yake alione, asilingoje.

"Pasta amekubali kuja hospitalini," Boke akasema. "Metroni amekubali tutumie veranda ya wodi. Odhiambo amekubali. Baba mkubwa wake ndiye hajakubali. Lakini mimi sitapelekwa na mkono wa mtu mwingine wakati mkono wa baba yangu bado uko."

Nilimwambia aende akampumzishe babake, na kwamba veranda nitaipamba. Nilisema hivyo bila kuiona. Mtu aliyefundishwa na Mama Yunia hana haja ya kutetemeka mbele ya veranda.

Nilipitia kwanza Karungu kuchukua vitu. Mzee Okello alikuwa amekaa uani. Nyuma yake wanawake walikuwa wakichambua mchele na vijana wakisimamisha hema.

"Baba, nimekuja kuchukua mapambo," nikamwambia.

"Nyathina, harusi iko hapa," akasema. Nyathina ni mtoto wangu, kwa Kijaluo. Wazee wa Karungu wote waliniita hivyo. "Ng'ombe iko hapa. Wageni wanakuja hapa. Hospitali ni mahali ya kulia."

"Mzee wa Ntimaru hawezi kupanda gari."

"Basi tungoje apone."

"Na kama hatapona?"

"Hiyo maneno usimalizie kwa boma yangu." Akatazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo geti mimi siingii tena. Mama Achieng' alitoka huko kwa ile mlango ya nyuma, amefunikwa shuka yao. Sikurudi. Sasa nirudi kucheza ngoma?"

Mama Achieng' alikuwa mkewe. Nilijua kwamba alifariki, lakini sikujua ni pale. Nikampa pole. Nikamwambia pia kwamba harusi itafanyika, na akija atanikuta. Neti kufikia wakati huo zilikuwa zangu na ningeweza kuzidai, lakini kung'ang'ania vitambaa na mtu mwenye uchungu si kazi ya mpambaji. Niliondoka na mkoba wangu tu, wenye mkasi, kamba na pini.

Metroni wa wodi ile alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, na alikuwa ameshajiandaa kunipokea. Hakuna msumari ukutani, hakuna gundi. Hakuna maua mabichi, kwa sababu ya wadudu na maji ya kusimama. Njia ya machela ibaki wazi. Hakuna ngoma. Na kila kitu kiondolewe kabla ya chai ya jioni.

"Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, sista. Na wewe utaniazima nini?"

Nadhani hakutarajia swali hilo. Alifikiri, akanipeleka stoo, akanitolea shuka za zamani zenye mhuri wa buluu, na stendi za dripu zilizokuwa zimekufa magurudumu.

"Hizi hakuna anayezitumia," akasema. "Lakini shuka zirudi."

Kisha nikaenda kuangalia veranda. Ilikuwa ndefu, yenye nguzo za saruji, na mbele yake kulikuwa na uwanja wa nyasi unaoteremka kuelekea ziwani. Miaka ile magugu maji yalikuwa yameifunika ghuba yote. Ziwa lilionekana kama shamba lililochanua zambarau. Nikafurahi, nikajua upande ule sina kazi. Mzee Mwita alikuwa ametolewa nje, ameketishwa kwenye kiti, na kitanda chake kilikuwa pale pale kwenye veranda kikisubiri shuka mpya. Alikuwa mzee mwenye kifua kipana kilichosinyaa, na macho makali bado. Nikamwomba ruhusa, nikavua viatu, nikapanda kitandani pake, nikalala.

"Wewe mama," akasema, "umekuja kupamba ama umekuja kulazwa?"

"Nataka kuona unachoona, Mzee."

"Ah." Akacheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi. Kilipotulia akanyoosha kidole. "Mimi naona ile."

Niliufuata mkono wake. Kutoka kitandani ziwa halikuonekana kabisa; ukuta mfupi wa veranda ulilikata. Kilichoonekana, katikati kabisa ya nguzo mbili, kilikuwa kijumba cheupe chenye mlango wa kijani, upande wa nyuma wa hospitali.

"Ile nyumba ya kimya," akasema Mzee Mwita. "Kila siku naona wanaingiza mtu. Mimi siogopi. Nitaenda huko, najua. Lakini siku ya Boke sitaki kuiona."

"Hutaiona," nikamwambia.

Basi kazi ilikuwa hapo.

Mchana kutwa tulifanya kazi, mimi na wanawake waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao. Wao hukaa uani mwa kila hospitali, wanapika na kungoja, na hakuna anayewauliza kama wanajua kitu. Walikuwa wakichemsha mahindi. Nikawaomba maganda. Mmoja akauliza ya nini, nikamwonyesha ua moja, na baada ya hapo hakuna ganda lililotupwa. Kuna mama kutoka Mbita ambaye mwanawe hakuwa amefungua macho siku nyingi. Alifunga maua kwa kasi kuliko mimi, na kila akimaliza moja alilipuliza vumbi kama anayepoza uji wa mtoto. Stendi za dripu tulizivika bendeji kutoka juu hadi chini, tukazitia maua, zikawa nguzo za kupitia bibi harusi. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walikunja waridi za tishu vitandani mwao. Hata mzee mmoja aliyefungwa plasta mkono wa kulia alisaidia, kwa wa kushoto. Maua yake yalitoka kama kabichi, nikayaweka mbele kabisa.

Kwa ule mlango wa kijani nilishona shuka pamoja, mihuri ikatazama nyuma, nikazijaza maua ya mahindi upande wa mbele. Nikafunga kamba kutoka nguzo ya veranda hadi kwenye mwarobaini uliokuwa uwanjani. Pazia likakaa vizuri, kijumba kikapotea. Nililala kitandani tena kuhakikisha. Mzee Mwita akaniambia nikizoea watanipa dawa.

Asubuhi ya harusi upepo ulipanda kutoka ziwani. Pazia lile likajaa kama shavu, likainuka juu, na mlango wa kijani ukawa pale pale, umekaa katikati ya maua. Mimi na wale mama tulivuta huku, likainuka kule. Nilifunga matofali mawili pembeni. Upepo ukapita katikati. Wageni walikuwa wameshaanza kufika, na kupitia dirishani nilimwona Mzee Mwita akivishwa koti juu ya gauni la hospitali.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Okello. Alikuwa amesimama nje ya geti, amevaa suti, kofia mkononi, na watu wa Karungu wakimpita kuingia ndani. Alikuwa amewaleta kwa lori kwa sababu walikuwa wageni wake na hakutaka wasafiri bila mkubwa. Lakini mguu wake ulikuwa haujavuka ile geti.

Nikaenda.

"Baba, upepo umenishinda. Njoo unishikie kamba."

"Nilikuambia siingii."

"Sijasema uingie harusini. Shika kamba, halafu utoke."

Sikuwa nimetunga hila yoyote. Nilihitaji mtu mrefu anayejua mafundo, na pale nje alikuwa mmoja. Akavaa kofia, akanifuata. Tulipozunguka pembe ya wodi pazia likapaa tena, na mlango wa kijani ukajitokeza mbele yake. Akasimama. Nilisimama naye. Nilisikia anavyovuta pumzi, na nilifikiri atageuka.

"Hii kitu imefungwa na nani?" akauliza mwishowe.

"Na mimi."

"Hii ni nyavu bila mawe," akasema. "Nyavu bila mawe inaelea. Nileteeni mawe madogo, ya kutoshana."

Akavua koti. Akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake ya harusi, akaanza kufunga mawe kwenye pindo la shuka, moja baada ya jingine, kwa fundo la wavuvi ambalo nilikuwa nimeliona tangu utotoni na sikuwahi kufikiri linaweza kuingia kwenye kazi yangu. Mama wa Mbita alimpokeza mawe. Alipofika katikati, mbele kabisa ya ule mlango, mikono ilimsimama. Mama yule akamwekea jiwe kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mkono wake mwenyewe.

"Mos, baba," akamwambia. Pole pole.

Akalifunga. Pazia likatulia. Upepo ulisukuma, likapumua kidogo, halikuinuka. Nikangoja aondoke kama tulivyokubaliana. Alijifuta magoti, akavaa koti, akaenda kukaa benchi la mbele, upande wa bwana harusi.

Kitanda kilisukumwa nje, Mzee Mwita ameegemezwa mito. Boke alipita kati ya zile stendi akiwa na gauni la kuazima na kitambaa cha neti kichwani, na wagonjwa walikuwa wamejaa madirishani kama watu walioko mpirani. Pasta alipouliza nani anamtoa binti huyu, Mzee Mwita alikuwa akitafuta pumzi. Hakuna aliyemsaidia. Alitaka kusema mwenyewe.

"Mimi baba yake," akasema. "Nilikataa kwa sababu ni mbali. Nilisema Karungu ni mbali, nikikuwa mgonjwa ataniona lini?" Akamshika Boke mkono. Odhiambo akapiga magoti kando ya kitanda ili amfikie. Mzee akauchukua mkono wake pia, akaviweka viganja viwili pamoja juu ya blanketi. "Sasa nimekuwa mgonjwa, na huyu kijana ndiye ananigeuza usiku, ndiye ananiosha. Kwa hivyo si mbali."

Boke alisema "Tata," yaani baba kwao. Metroni alikuwa amesimama mlangoni amevua miwani, anaifuta, na aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Mchele na nyama vililetwa kwa lori kutoka Karungu, na kwa kuwa ngoma ilikatazwa, akina mama waliimba kwa sauti ya chini huku wakicheza kwa mabega tu. Sijaona harusi iliyochezwa vizuri kama ile. Chai ya jioni ilipokaribia nilichukua mkasi nikaanza kufungua stendi ya kwanza.

"Wewe mama," Mzee Mwita akaniita. "Unafanya nini?"

"Ni wakati, Mzee. Tuliambiwa tutoe."

"Mimi bado niko kwa harusi."

Nikamtazama metroni. Metroni akatazama saa yake, akamtazama mzee, akamwambia msichana wa jikoni, "Chai yake ilete hapa nje." Kisha akaingia ndani, na shuka zake hakuziulizia mpaka kesho yake.

Mzee Okello alikuwa amevuta kiti hadi kando ya kitanda. Wazee wale wawili hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha sokoni. Walizungumza habari za ng'ombe hadi giza likaingia.

Mzee Mwita alifariki baada ya majuma machache, katika kitanda kile. Ndugu zake walikuwa njiani kutoka Ntimaru, barabara imeharibika kwa mvua, na Boke alikuwa hajiwezi kwa kilio. Mzee Okello alipopata habari hakungoja kuitwa. Alikuja Homa Bay, akapita getini, akazunguka wodi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa kijani. Odhiambo ndiye aliyenieleza. Alisema baba yake mkubwa alibisha kama anayebisha nyumbani kwa mtu, na walipomfungulia akasema, "Nimekuja kuchukua ndugu yangu." Akamsindikiza mpaka Ntimaru, akakaa huko siku zote za msiba.

Baada ya harusi ile watu wa Ntimaru walianza kuniita, nikapamba kule miaka mingi. Nilibeba mawe madogo kwenye mkoba wangu kila mahali, na polisi wa vizuizini walizoea kuniuliza nampiga nani. Vikaja vitambaa vya satini vya kukodi, yakaja maua ya plastiki, mkaja nyinyi. Mnafanya kazi nzuri. Siwasifu ili mnialike.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi hapa Suna, kwa jirani, nikiwa mgeni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilivaa viatu vya visigino. Nilikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, sijui niifanyie nini. Msichana aliyepamba, mmoja wenu, simtaji jina na yeye anajijua, alikuja akainama akaninong'oneza, "Mama, iko sawa?"

"Iko sawa kabisa," nikamwambia, na ilikuwa sawa. Kulikuwa tu na kitambaa kimoja upande wa kushoto wa madhabahu kilichokuwa kimelegea, kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine hawezi kukiona. Nikajiambia ninyamaze, mimi ni mstaafu. Nikanyamaza wakati wa wimbo wa kwanza. Nikanyamaza wakati wa sala. Bibi harusi alipotokea mlangoni na watu wote wakageuka kumtazama yeye, nilivua viatu nikainuka.